Meneja Agombea Chumba cha Mbele

Alhamisi, 2 Machi

Nimepata mtoto! Si wa kuzaa, wa kupewa. Ana miguu minne, masikio yaliyolala na tumbo la duara. Nimemwita Meneja.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mkwe ameacha biashara ya vitambaa. Chumba chake cha mbele, chenye mlango wa kioo unaotazama barabara, sasa ni kitupu. Wakwe zake wanaume ni wawili tu. Mimi, kinyozi, ninayenyolea chini ya ngazi ya jengo la maofisi, ambapo mteja mrefu hugonga kichwa akiingia na hugonga tena akitoka. Na mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, mwenye duka la stesheneri lisilo na dirisha hata moja. Sote tunakimezea mate chumba kile.

Leo ametuita. Akasema yeye hampi chumba mtu asiyeweza kulea kitu kisichosema. Mbwa wa jirani yake amezaa, na paka wa stoo yake amezaa pia. Kila mmoja wetu achukue mtoto mmoja, amlee, amchanje chanjo zote za utotoni. Siku ya sindano ya mwisho, mwishoni mwa Aprili, daktari wa wanyama atatamka nani mlezi bora. Funguo zitatolewa papo hapo.

Sikungoja amalize. Nikamdaka mbwa! Mwanyumba akabaki na paka, kijike cha kijivu ambacho hata ngumi yangu inakizidi. Amemwita Hariri. Masikini. Nani amewahi kushindwa na kitu cha saizi ile?

Mke wangu ni mwalimu, na hunisahihisha hata nikiwa nimenyamaza. Ameniuliza nimewahi kulea mnyama gani. Nikamwambia nimelea masharubu ya watu maisha yangu yote. Hakucheka.

Jumamosi, 4 Machi

Kliniki! Nilimvalisha Meneja tai. Njiani kila niliyekutana naye alilisifia lile tumbo. Mteja wangu mmoja alisema hilo ni tumbo la mtu asiyejua shida. Kichwa kikanivimba. Nikaingia kliniki nimelitanguliza mbele, watu walione vizuri.

Mwanyumba alikuwa ameshafika. Mtu yule hachelewi hata siku moja, inaudhi. Hariri alikuwa kwenye kikapu chenye taulo, mwembamba, macho pima. Nilimwonea huruma, kisha nikafurahi.

Daktari ni mama mmoja mfupi, miwani inamning'inia kifuani na mikono yake haitulii. Alimpima Meneja kwenye mizani, akamtazama fizi, akambonyeza tumbo. Nikamwambia aseme tu, sote tunaiona hiyo afya. Akasema hiyo si afya, ni minyoo.

Minyoo! Kitambi changu cha fahari, kumbe ni wapangaji!

Nililowa. Mwanyumba akakoholea kiganjani. Namjua, alikuwa anacheka. Lakini furaha yake haikufika mbali, kwa sababu daktari alisema Hariri naye anayo. Watoto karibu wote huzaliwa nayo au huinyonya kwenye maziwa ya mama. Wote wawili wakanyweshwa dawa, na itarudiwa baada ya wiki mbili hata tukidhani imekwisha. Halafu sindano ya kwanza. Meneja alilia mara moja. Mimi mara mbili.

Kisha masharti. Sindano moja haitoshi, kuna tatu, na ya mwisho itaendana na ile ya kichaa cha mbwa. Mpaka hapo Meneja asikanyage mahali wanapopita mbwa wasiojulikana, kwa kuwa kuna ugonjwa wa kuhara damu unaowamaliza watoto wa mbwa. Ila asifungiwe ndani pia! Aone watu, asikie kelele, azoee kushikwa masikio, makucha na mdomo, maana huu ndio umri wa kujifunza kutoogopa. Nikamwambia daktari haiwezekani. Mtu asikanyage chini, na hapohapo auone ulimwengu?

Tulipewa kadi za njano, kila mmoja yake, zenye nafasi za kuandikiwa sindano zijazo. Tuje nazo kila mara. Mwanyumba aliifuta yake kwa leso kabla ya kuipokea. Mimi nikaitia mfuko wa shati.

Nilipofika mlangoni wazo likanipiga. Kiti!

Jumatano, 8 Machi

Mimi ni mtu wa ajabu. Kiti changu cha kunyolea kinazunguka, na nina ubao wa kukalisha watoto, unaolazwa juu ya mikono ya kiti. Meneja anakaa pale! Hakanyagi chini, na ulimwengu unamjia wenyewe. Asubuhi aliwaona mkaguzi wa mita, bibi muuza mboga na wanafunzi wa chuo waliokuja kuchonga nywele. Namfunga shuka la wateja shingoni. Nawasha mashine karibu na sikio lake. Namshika makucha, namfunua mdomo, namfuta kwa taulo la uvuguvugu. Anapiga miayo.

Tumbo limepungua. Kilichotoka sitakiandika. Mke wangu alikiona, akarudi ndani bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Shida moja. Meneja hatofautishi kidole na chakula. Mteja mmoja ameondoka na sikio lenye alama.

Jumapili, 19 Machi

Mama mkwe alikuja kukagua ghafla, bila hata kupiga hodi!

Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Daktari alisema mtoto akiamka tu, au akimaliza kula, apelekwe mahali pake pa haja, na akipatia asifiwe. Mimi nimemtengea gazeti kwenye kona safi. Nikaona nimwonyeshe Mama jinsi kijana anavyojua. Nikampa chakula. Nikamshusha. Nikasubiri.

Meneja akapita gazeti langu bila kulitazama, akaenda moja kwa moja kwenye gazeti la Mama mkwe, alilolilaza kando ya kiti, akajisaidia juu yake. Nikapiga makofi! Nilishasema atasifiwa akipatia, na gazeti ni gazeti. Nikamweleza Mama kuwa hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Alisema alikuwa hajafika ukurasa wa vifo.

Baadaye mke wangu alinipasha kwamba kwa mwanyumba mambo ni shwari. Hariri alianza kutumia sanduku lake la mchanga siku ya kwanza. Hakufundishwa na mtu! Basi hiyo sifa ni ya nani? Si ya mwanyumba. Hesabu hiyo nitaidai kwa daktari.

Jumamosi, 1 Aprili

Leo nimecheka mpaka mbavu zikaniuma!

Sindano ya pili. Mwanyumba alifika kabla yangu, bila shaka. Akatoa kadi ya Hariri kwa madaha. Ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameipiga leminesheni! Kwa mashine ya dukani kwake, plastiki pande zote mbili, kona zimekatwa mviringo. Alisema ameona ailinde isilowe.

Daktari alivaa miwani. Akajaribu kalamu, ikateleza. Akajaribu muhuri, wino ukakaa juu ya plastiki ukafutika kwa kidole. Akauliza sasa sindano ya leo ataiandika wapi. Ndipo mwanyumba akaziona zile nafasi tupu, zimefunikwa, safi kabisa, haziandikiki milele. Mwanamume mzima, maisha yake yote ni karatasi! Ilibidi apewe kadi mpya, na daktari akakaa kunakili yote upya huku foleni ikinung'unika.

Yangu ilikuwa na doa la chai na nywele za mteja. Lakini iliandikika!

Na subiri. Meneja alipowekwa mezani, alikaa wima. Alifunua mdomo alipoguswa shavu. Alitoa mguu kabla ya kuombwa, akaangaza macho huku na huku, nadhani alitafuta kioo. Daktari akasema hajawahi kuona mtoto wa mbwa aliyetulia hivyo, akaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni kipaji.

Halafu akampekua manyoya, akakuta kiroboto. Mmoja tu! Akasema atatupa dawa ya kudondoshea shingoni, kila mnyama yake, kwa uzito wake. Mwanyumba akachukua ya Hariri mara moja, akasema atampaka mwisho wa wiki. Mimi nikakataa. Kuchukua dawa ya viroboto mbele ya mwanyumba ni kukiri nina viroboto. Nikasema asante, ninayo nyumbani.

Sina.

Jumanne, 4 Aprili

Viroboto wamefika kwenye shuka la wateja. Mzee mmoja alijikuna nikimnyoa. Nikamwambia ni umri.

Isitoshe, Meneja amenisaliti. Duka la mwanyumba linapakwa rangi, harufu ni kali, kwa hiyo shemeji ameomba Hariri ashinde kwangu wiki hii. Sikuweza kukataa, mke wangu alishakubali kwa niaba yangu. Basi nilitarajia mbwa wangu atamfokea. Wapi! Alimlamba toka kichwa mpaka mkia. Wakalala pamoja kwenye ubao wangu, paka amejikunja shingoni mwa mbwa. Wateja wanakuja kuwatazama na kusema jinsi Hariri alivyo mzuri. Hariri! Kwenye kiti changu!

Jioni nilipita dukani, nikanunua dawa ya kudondoshea. Pakiti ina picha ya mbwa. Na pembeni kuna picha ya paka aliyepigwa mstari mwekundu. Nikaruka kwa furaha. Inaua viroboto, na inafukuza paka! Faida mbili kwa chupa moja! Kesho namdondoshea Meneja, na Hariri hatamsogelea tena.

Jumatano, 5 Aprili

Leo sina la kujisifia.

Asubuhi nilimdondoshea Meneja dawa shingoni. Mwalimu mkuu wa shule anayofundisha mke wangu alikuwa kwenye kiti, nimeshamnyoa upande wa kushoto. Hariri hakufukuzwa na chochote. Alimwendea Meneja, akajikunja palepale shingoni, kwenye unyevu, akaanza kulamba.

Nikajisemea dawa bado haijakolea.

Baada ya muda nikaona sikio la Hariri linachezacheza. Kisha ngozi ya mgongo. Kisha mwili mzima ukawa unatetemeka, mate yanamtoka, akataka kusimama akaanguka ubavu. Meneja alimsukuma kwa pua, akanitazama. Sitausahau ule mtazamo.

Nilimpigia daktari. Akauliza nimempaka nini nani, nikamwambia. Akaniamuru nimwoshe Hariri sasa hivi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nimkaushe, nimfunike asipate baridi, nije mbio, na nije na pakiti.

Maji ya uvuguvugu ninayo siku zote! Nilimtia kwenye beseni la kuoshea vichwa. Nimeosha vichwa vya watu maisha yangu yote, lakini sijawahi kuosha kwa hofu vile. Kilikuwa kichwa kidogo sana. Nikamkausha kwa taulo, nikamfunga kwenye shuka, nikatoka mbio na Meneja kwapani. Mwalimu mkuu akanifuata anapiga kelele. Nilidhani anadai upande wa kulia. Kumbe anasema ana gari.

Basi tukaenda, yeye nusu kipara nusu nywele, shuka lingine shingoni, anapiga honi kama ana bibi harusi ndani. Watu walitupisha.

Daktari alimchukua Hariri mikononi mwangu. Sindano, blanketi, dripu nyembamba. Mwanyumba alifika baadaye na rangi kwenye viatu. Daktari akaomba pakiti, akatuonyesha ile picha. Mstari mwekundu maana yake dawa hiyo ni sumu kwa paka. Asipakwe, wala asimkaribie mbwa aliyepakwa mpaka ikauke kabisa. Alisema kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Nilingoja mwanyumba anipige. Nilikuwa tayari. Hakunipiga. Alinipa leso yake, ile anayofutia kadi, kwa sababu nilikuwa nalia kuliko yeye.

Nimeapa. Hariri akipona, chumba cha mbele ni chake. Sikitaki tena. Nitanyolea chini ya ngazi mpaka nizeeke. Apone tu.

Ijumaa, 7 Aprili

AMEPONA! Ameinuka, amekula, amemkwaruza daktari! Nimemkumbatia mwanyumba. Nimemkumbatia mwalimu mkuu, ambaye nilikuwa bado sijammalizia upande wa kulia. Wanafunzi wanasema ni mtindo. Nimemkumbatia Mama mkwe, kisha nikakumbuka ni mama mkwe, nikamwachia.

Daktari alisema kuoshwa kule kwa haraka ndiko kulikomwokoa. Nikauliza kama angeweza kulirudia hilo kwa sauti, Mama mkwe akiwa karibu zaidi.

Nimetafakari kuhusu kile kiapo. Nilisema chumba ni cha Hariri. Sikusema chote.

Jumamosi, 29 Aprili

Siku ya siku! Sikuweza hata kunywa chai.

Tulikuwa wote kwenye chumba cha daktari: Mama mkwe kwenye kiti pekee, funguo mapajani, mabinti zake nyuma yake, mimi na Meneja, mwanyumba na Hariri. Sindano ya mwisho, na ya kichaa cha mbwa, kwa wote wawili. Meneja alitoa mguu. Hariri alilala kichwa chini ya kidevu cha Meneja, na hivyo ndivyo alivyochomwa, wala hakutikisika.

Mama akamuuliza daktari nani mlezi bora.

Daktari alifuta miwani. Akasema mmoja hajui kusoma picha, na mwingine hajui kadi ni ya kuandikiwa. Lakini wanyama wana uzito mzuri, hawana minyoo, hawana viroboto, wanashikika bila woga, na wamekuja kila miadi. Hawezi kuwatenganisha. Kisha akaongeza kwamba kazi haijaisha. Mwaka wa kwanza ni mrefu. Wakifikisha miezi sita hivi watafungwa kizazi, na wakitimiza mwaka watarudia chanjo.

Hapo nilisimama. Kiapo kilikuwa kinaniwasha kooni tangu asubuhi. Nilifungua kinywa niseme chumba apewe Hariri. Nikajisikia nikisema Hariri apewe upande wenye kivuli.

Mke wangu aliziba uso kwa mkono.

Mama mkwe akatutazama mmoja mmoja, taratibu. Akasema vizuri, chumba kitagawanywa kwa pazia. Kinyozi kushoto, stesheneri kulia, wanyama katikati, wapite chini ya pazia watakavyo. Mpaka siku ya chanjo ya marudio. Siku hiyo atakayefika na mnyama mzima, kadi kamili, bila upumbavu wowote, ataondolewa pazia. Chumba chote ni chake.

Mlango wa kioo! Barabara! Wateja warefu! Nilimrusha Meneja juu, nikamdaka. Mwanyumba alinipa mkono, nikaushika kwa upendo wa kweli, huku nikifikiri chumba chote kitapendeza vipi bila mashine zake.

Jumatano, 3 Mei

Tumehamia! Jua linaingia hadi kwenye kioo changu. Hakuna aliyegonga kichwa tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuja wa kwanza, akaomba nianze na upande wa kulia. Meneja na Hariri wamelala chini ya pazia, kichwa kwangu, mkia kwa mwanyumba.

Mimi nimebadilika. Nimejifunza mengi. Sasa hivi kila pakiti naikagua picha zote, na nyekundu naiogopa. Mwanyumba ndiye hajajifunza kitu. Nimechungulia kadi mpya ya Hariri juu ya meza yake. Iko wazi! Karatasi tupu, bila kinga yoyote, itakuwa imechakaa kabla ya mwaka kuisha. Nikaitazama yangu: doa la chai, nywele, na sasa mate ya mbwa. Daktari alisema kadi kamili. Nikajua palepale pa kumshindia.

Mchana alitoka kwenda kununua karatasi. Mashine yake ya leminesheni ilikuwa bado ya moto. Nikainua pazia taratibu, nikamruka Meneja, nikamruka Hariri, nikabonyeza kitufe cha kijani.

Kadi ya Meneja imetoka inang'aa! Nimekata hata kona. Nimeificha kwenye droo ya nyembe, mwanyumba asiione mpaka siku yenyewe. Na kazi nimeifanya kwa uangalifu: zile nafasi tupu za chanjo ya marudio zinaonekana vizuri kabisa chini ya plastiki.